Kulipa, Kulipwa, Kulipiwa

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, mhadhiri wetu wa mofolojia aliingia darasani asubuhi moja, akaandika ubaoni mzizi mmoja tu, -lip-, kisha akatutaka tuunyambue kadiri tuwezavyo. Tukajitosa kazini: lipa, lipwa, lipia, lipiwa, lipika, lipana, lipisha, lipishwa. Nilipata alama zote siku hiyo. Hata hivyo, ninakiri mbele yako, msomaji mwenzangu, kwamba ilinichukua miaka mingi kuielewa barabara tofauti iliyopo kati ya kulipwa na kulipiwa, na aliyenifunza tofauti hiyo hakuwa mhadhiri wala kamusi. Alikuwa binti wa Kenya aliyeshika raketi ya tenisi. Ndiyo maana nimeona vyema niandike insha hii, ingawa najua kwamba baadhi ya wasomaji watashangaa kuuona mchezo huo katika kurasa zilizozoea ngeli na ushairi.

Nianzie nyumbani. Aghalabu mtu akiitaja Mombasa, mawazo ya msikilizaji hukimbilia Ngome ya Yesu, vichochoro vya Mji wa Kale na milango iliyotiwa nakshi. Mimi nililelewa katika kisiwa hichohicho, lakini upande wa pili, Shimanzi, ambako watalii hawapelekwi. Huko kuna matangi ya mafuta, maghala, njia za reli, na malori marefu yanayosubiri zamu ya kuingia bandarini Kilindini. Ukipita asubuhi, pua hupokea harufu ya chai kavu iliyochanganyika na ya dizeli. Milango ya Mji wa Kale ina nakshi. Malango ya Shimanzi yana kufuli. Nyuma ya kila lango mna mali ya mtu ambaye haishi pale, na mbele ya kila lango ameketi bawabu ambaye hana mali yoyote ndani.

Tulikuwa watatu nyumbani: nyanya yetu, mimi, na ndugu yangu wa kike, kitinda mimba. Mama alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, na pesa alizotuma ndizo zilizonipeleka shule ya upili na hatimaye chuo kikuu. Nyanya naye alikuwa mfagiaji katika kampuni moja yenye ua mpana karibu na reli. Mwishoni kabisa mwa ua huo palikuwa na kiwanja cha tenisi kilichosahauliwa. Kilijengwa zamani kwa ajili ya mameneja, nao walikwisha kuondoka miaka mingi. Saruji ilikuwa imepasuka, majani yameota katika nyufa, na mahali pa wavu palifungwa kamba iliyotundikwa magunia ya kahawa. 

Bawabu wa mahali pale alikuwa mzee wa makamo ya nyanya, na sisi tulimwita Babu. Utotoni mwake alikuwa akiokota mipira katika klabu ya wazungu. Kwa hakika historia ya mchezo huo mjini mwetu ni ya malango vilevile: Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka wa 1896, mwaka uleule ambao Waingereza walianza kujenga reli ya kuelekea Uganda, na kwa muda mrefu Mwafrika aliyeingia katika viwanja vya namna hiyo aliingia kuokota mipira, kufagia au kubeba sinia. Babu alijifunza tenisi kwa macho. Alijua jinsi ya kushika raketi, jinsi ya kuipa miguu nafasi kabla ya mkono, na jinsi ya kuhesabu alama, ijapokuwa hakuwahi kuhesabiwa yeye mwenyewe hata alama moja.

Siku za Jumapili, kampuni ikiwa imefungwa na nyanya akiwa amekwenda kumalizia kazi, Babu alimfungulia lango ndugu yangu. Nyanya alikuwa ameokota raketi kuukuu katika takataka za ofisi, nayo ilikuwa na nyuzi tatu zilizokatika. Ndugu yangu aliupiga mpira ukutani, ukarudi, akaupiga tena, mpaka giza likaingia. Alipochoka na ukuta, alicheza na Babu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2004 nilirudi nyumbani likizoni. Babu alinijia akiwa amevua kofia, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu mtoto ana mkono. Kuna mwalimu mmoja mjini hufundisha watoto kila Jumamosi. Nimesema naye. Anataka shilingi mia tatu kwa mwezi, na wewe ndiwe msomi wa nyumba, mpeleke." Nyanya alikuwa ameketi kando akichambua mchele. Hakusema neno. Aliniangalia tu, kwani katika mambo ya mji na ya shule neno langu ndilo lililokuwa la mwisho.

Nilikuwa na pesa. Mkopo wangu wa masomo ulikuwa umetoka wiki chache tu kabla ya hapo, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kununua simu ya mkononi ili nisionekane mshamba mbele ya wenzangu. Nikamwambia Babu kwamba mtoto anakaribia mtihani wa darasa la nane, kwamba tenisi ni mchezo wa mabwana, na kwamba si vyema msichana kupitapita kwenye magodauni siku za Jumapili. Nikatia na methali ili kuipamba hoja yangu: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mzee wa watu akavaa kofia yake, akasema, "Haya, mwanangu," akarudi langoni. Jioni hiyo nyanya aliichukua raketi, akaiweka juu ya kabati. Nami wiki iliyofuata nikanunua simu.

Miezi mitatu kabla ya mazungumzo hayo, tarehe 29 Januari 2004, walizaliwa jijini Nairobi mapacha wawili wa kike. Mama yao alifariki wakati wa kuwazaa, wakalelewa na nyanya yao. Nyanya huyo alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja jijini humo, na shule hiyo ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Mmoja wa mapacha hao ni Angella Okutoyi. Kusema kweli, nilipoyasoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza magazetini, niliyasoma mara mbili, kisha nikaliweka gazeti chini. Nyanya mfagiaji. Kiwanja nyuma ya lango la mwajiri. Tofauti ni kwamba kwao hakukuwa na msomi wa nyumba aliyekuja na methali.

Angella alianza kushika raketi akiwa mtoto wa umri wa chekechea. Kipaji chake kilipoonekana, alichukuliwa na vituo vya mafunzo vya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, kwanza kile cha Bujumbura nchini Burundi, na baadaye kile cha Casablanca nchini Moroko. Mwaka wa 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia, na ubingwa huo ukamfungulia njia ya kwenda Melbourne. Mnamo Januari 2022, katika mashindano ya vijana ya Australian Open, akawa msichana wa kwanza kutoka Kenya kushinda mechi ya mmoja kwa mmoja katika mashindano ya vijana ya ngazi hiyo. Hakutosheka na mechi moja. Alisonga hadi raundi ya tatu.

Kisha ikaja Julai ya mwaka huo, na Wimbledon. Katika fainali ya wasichana wawili wawili, Angella alishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi dhidi ya Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza waliipoteza 3–6. Ya pili wakaichukua 6–4. Ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju ya kuamulia, ambapo mtu hutakiwa kufikisha alama kumi na kumpita mwenzake kwa alama mbili. Wakashinda 11–9. Mkenya wa kwanza alikuwa ametwaa taji la vijana katika mojawapo ya mashindano manne makuu ya tenisi duniani. Wikendi hiyohiyo na katika viwanja hivyohivyo, Ons Jabeur wa Tunisia alicheza fainali ya wanawake, akashindwa na Elena Rybakina. Kwa siku hizo chache, Afrika ilitajwa Wimbledon kwa mapana na marefu.

Nilikuwa Shimanzi siku habari hiyo ilipofika. Nyanya alikuwa bado hai, macho yamefifia lakini masikio makali kama ya paka. Nilimsimulia mechi kwa kusoma habari katika simu, huku nikihangaika na istilahi, kwa maana si rahisi kumweleza mzee kwamba katika mchezo huu alama ya kwanza huitwa kumi na tano, ya pili thelathini na ya tatu arubaini, na kwamba asiyepata kitu Waingereza husema ana mapenzi. Aliniuliza, "Mapenzi ndiyo sifuri?" Nikamwambia naam. Nikaongeza kwamba wako wanaodai neno hilo lilitokana na kucheza kwa mapenzi tu pasi na malipo, na wako wanaodai lilitokana na neno la Kifaransa lenye maana ya yai, kwa kuwa yai lina umbo la sifuri. Akacheka. Kisha akauliza swali alilozoea kuuliza kuhusu kazi yoyote: "Na huyo mtoto amelipwa shilingi ngapi?"

Nikamjibu ukweli. Katika mashindano ya vijana ya Wimbledon hakuna zawadi ya pesa. Mshindi hupewa kombe na heshima.

Nyanya akanyamaza kidogo. "Basi," akasema, "nani anayemlipia?"

Ndugu yangu alikuwa ameketi pale pale, amerudi kazini katika ofisi ya wakala wa forodha. Hakuniangalia. Aliendelea kumenya viazi. Mimi ndiye niliyeinua macho, nikaiona raketi juu ya kabati, vumbi limeifanya rangi moja na ukuta.

Tangu siku hiyo nimeufuatilia mwenendo wa binti huyo, nami nimegundua kwamba Kiswahili chetu kina jambo la kutueleza hapa, iwapo tutakisikiliza. Waandishi wetu wa michezo hugawa wachezaji katika mafungu mawili: wa ridhaa na wa kulipwa. Wa ridhaa hucheza kwa hiari yake. Wa kulipwa hucheza kwa ujira. Mgawanyo huo unafaa sana katika kandanda, ambapo klabu humwajiri mchezaji na kumpa mshahara. Katika tenisi, maneno hayo yanatupotosha. Mchezaji wa tenisi hana mwajiri. Hakuna anayempa mshahara mwisho wa mwezi. Hulipwa kwa kadiri anavyoshinda, na kabla hajashinda ni lazima kwanza afike uwanjani. Nauli ya ndege ni juu yake, chumba cha kulala ni juu yake, chakula, nyuzi za raketi, viatu, daktari na kocha, yote ni juu yake.

Ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya wanawake ya kimataifa huwa na zawadi ya jumla ya dola 15,000. Mtu asiyejua atasema hizo ni pesa nyingi. Lakini hizo hugawanywa miongoni mwa wachezaji wote wa juma zima, kuanzia bingwa hadi aliyeaga katika raundi ya kwanza, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Anayefungwa siku ya kwanza hupata kiasi kisichoweza kumrudishia hata nauli. Mashindano mengi ya ngazi hiyo hufanyika mahali kama Monastir nchini Tunisia, wiki baada ya wiki, na wachezaji hukaa huko wakiwinda alama. Alama nazo hazihifadhiki. Jedwali la ubora la wanawake huhesabu matokeo ya majuma 52 yaliyopita. Alama uliyoipata mwaka jana juma kama hili huanguka leo, na usipoipata nyingine ya kuiziba, unateremka hata kama hujafungwa na mtu. Ni kama kupanda mnazi ambao kila baada ya mwaka mmoja mtu huja akalikata gogo chini ya miguu yako.

Kwa hivyo, mchezaji tunayemwita wa kulipwa ni mchezaji wa kulipa kwanza, tena wa kulipa kwa miaka. Na kwa kuwa msichana wa miaka kumi na minane hana mali ya kulipa, yuko mahali anapofika kwa sababu amelipiwa. Hapo ndipo kauli ya kutendewa inapoingia. Angella alilipiwa na nyanya aliyefagia. Alilipiwa na shule iliyokubali mtoto wa mfanyakazi akanyage kiwanja chake. Alilipiwa na vituo vya shirikisho. Baada ya Wimbledon alilipiwa na Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, alikokwenda kusoma na kuichezea timu ya chuo. Wapo waliolalamika kwamba amepotea kwa kwenda chuoni badala ya kuingia moja kwa moja katika mashindano ya kulipwa, na ni kweli kwamba kwa miaka mingi sheria za michezo ya vyuo vya Marekani ziliwawekea wanafunzi mipaka katika kupokea pesa za zawadi. Lakini ninawauliza walalamishi hao swali la nyanya: wao wangemlipia?

Mwezi Machi mwaka wa 2024, katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Angella alishinda dhahabu ya mmoja mmoja akimfunga Mmisri katika fainali. Ubingwa huo ungempa tikiti ya Olimpiki za Paris, kwa sharti kwamba awe miongoni mwa wachezaji 400 bora duniani ifikapo mwezi Juni. Majuma yalikuwa machache. Kupanda jedwali kunahitaji mashindano mengi, na mashindano mengi yanahitaji nauli nyingi. Hakufika Paris. Bingwa wa bara zima alizuiwa na hesabu ya alama ambazo mtu huzipata kwa kusafiri. 

Tazama sasa upande wa pili wa wavu wa ile fainali ya 2022. Victoria Mboko, aliyefungwa 11–9, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano siku ile. Wazazi wake walihama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo; yeye alizaliwa Marekani, akalelewa Toronto, na ndugu zake wakubwa walicheza tenisi kabla yake. Mwaka wa 2025 aliuanza akiwa nje ya 300 bora. Alianza kwa kushinda mashindano kadhaa ya ngazi za chini, moja baada ya jingine. Kisha alipewa nafasi ya mwaliko katika mashindano makubwa ya nchi yake mjini Montreal, na tarehe 7 Agosti alimshinda Naomi Osaka katika fainali, 2–6, 6–4, 6–1, akiwa bado na miaka kumi na minane.

Sitaki kusema kwamba Angella angefika pale lau angelikuwa Mkanada. Hilo hakuna ajuaye, na kipaji cha Mboko ni chake mwenyewe, hakuazima kwa serikali yoyote. Ninalosema ni jambo dogo zaidi. Siku ile ya Julai tofauti kati ya wasichana hao uwanjani ilikuwa alama mbili, na alama hizo mbili zilikuwa upande wa Mkenya. Miaka mitatu baadaye tofauti ilikuwa kubwa mno, upande wa pili. Sehemu ya tofauti hiyo ni mkono na moyo wa mchezaji. Sehemu nyingine ni idadi ya watu waliosimama nyuma ya kila mmoja wao wakiwa tayari kulipa juma alilofungwa. Juma la ushindi kila mtu hujitokeza. Hata mimi nilijitokeza, nikiwa na simu mkononi, nikimsimulia nyanya kwa sauti ya fahari kana kwamba nami nilikuwa na hisa. Mkenya mwenzetu ameshinda! Tumeshinda! Sisi watu wa lugha tunajua kwamba kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi ni chepesi sana kukitia. Katika neno tumelipa, kiambishi hicho hakionekani mara nyingi.

Kuna methali niliyoitumia mwaka wa 2004 ambayo inanibidi niirudie. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali haina kosa. Kosa lilikuwa la mtumiaji. Niliitamka nikiwa nimevaa shati lililonunuliwa kwa pesa za mama kutoka Uarabuni, nimeshiba ugali ulionunuliwa kwa ufagio wa nyanya, na mfukoni nina mkopo wa masomo, yaani pesa za umma. Hapakuwa na mtu katika nyumba ile, wala katika Shimanzi nzima, aliyelipiwa kuliko mimi. Bawabu aliyekuwa akilipwa mshahara wa kununulia unga alikuwa amekwisha kulipa sehemu yake kwa kufungua lango lisilokuwa lake, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. Nyanya alikuwa amelipa kwa kuokota raketi. Aliyebaki ni mimi peke yangu, na nilichotakiwa ni shilingi mia tatu.

Nisieleweke vibaya. Sijaandika kwamba ndugu yangu angekuwa bingwa. Watoto wengi hupiga mpira ukutani, na ukuta una tabia ya kuwasifu wote. Labda yule mwalimu wa mjini angemtazama Jumamosi mbili na kusema mkono si mbaya lakini miguu ni mizito. Labda yeye mwenyewe angechoka. Nilichomnyima si ubingwa. Nilimnyima nafasi ya kujua. Na nadhani hilo ndilo linalowapata wengi katika nchi yetu kabla ya umaskini haujawafikia waziwazi: hufika mtu wa karibu, mwenye mapenzi, mwenye methali, akalifunga lango kwa ajili ya faida yao.

Babu alikufa zamani, kabla sijapata akili ya kwenda kumwomba radhi. Nyanya naye alitangulia mbele ya haki mwaka mmoja baada ya Wimbledon ile. Kiwanja hakipo, mahali pake pamewekwa makontena, na lango jipya ni la chuma kizito, linafunguliwa kwa umeme. Nilikwenda kulitazama mwaka jana. Bawabu aliyekuwepo ni kijana, akaniuliza kwa adabu ninatafuta nini, nami nikakosa jibu.

Rasimu ya insha hii nilimsomea ndugu yangu, kwa sababu sikuona haki kuyaandika maisha yake bila ridhaa yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kaka, umeandika kana kwamba mimi nimekufa."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini hakuyangoja.

"Raketi ile niliiteremsha baada ya matanga ya nyanya," akasema. "Mwanangu ana miaka saba. Huipiga nayo mipira uani mpaka majirani wananung'unika. Kuna mahali hufundisha watoto Jumamosi. Mimi Jumamosi niko kazini, meli haijui wikendi. Kama unataka kulipa, basi lipa. Na umpeleke mwenyewe."

Niliuliza ni kiasi gani. Si mia tatu tena. Ni pesa za kutosha kumfanya mwanafunzi wa uzamili mwenye mshahara mdogo wa ualimu akune kichwa, na sikumficha hivyo. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu, mjomba na mpwa, yeye ameikumbatia raketi ya nyanya iliyotiwa nyuzi mpya. Mtoto hakujua habari yoyote ya 2004. Aliniuliza njia nzima kwa nini kumi na tano inafuatwa na thelathini lakini baada ya thelathini haiji arubaini na tano. Nilimwambia sijui, tutamuuliza mwalimu.

Katika ofisi ndogo ya pale, karani alinipa risiti. Ilikuwa na mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa jina la mtoto. Mstari wa pili ulisema: Imelipwa na. Niliandika jina langu kwa mwandiko wa kusomeka, nikamrudishia kalamu, kisha nikatoka kwenda kuketi pembeni mwa kiwanja pamoja na wazazi wengine. Mtoto aliukosa mpira wa kwanza, akaukosa wa pili, na wa tatu akaupiga ukapita juu ya uzio. Niliinuka kwenda kuuokota.